Nike, Adidas au Puma? Kabla hujatoa laki na nusu ya nguo za kukimbilia

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mkazi wa Tanga, nina miaka 27. Nimejiunga na kikundi cha jogging na tunajiandaa kukimbia nusu marathoni ya Kilimanjaro kule Moshi. Navaa hijabu, kwa hiyo nataka nguo za kujistiri lakini zisiniue kwa joto. Nilipokwenda Kariakoo, duka moja waliniambia Nike ndiyo baba lao, fulana 85,000. Jirani yake anauza Adidas 75,000, anasema Nike ni jina tu. Puma nimeikuta 60,000. Nje, kwenye meza ya barabarani, kuna Nike kwa 15,000. Kikundini mmoja anaapa kwa Under Armour, mwingine anasema mitumba ndiyo mpango mzima. Kaka yangu ananiambia nichukue jezi yake ya Yanga niende nayo. Viatu nimeshanunua, nimebaki na 150,000 ya nguo. Ninunue chapa gani? Na kati ya Dri-FIT, AEROREADY na dryCELL, ipi inakausha jasho zaidi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hongera kwa kuanza, na hongera zaidi kwa kuuliza kabla pesa haijatoka mkononi.

Kwenye nguo za kukimbilia, tofauti kubwa haipo kati ya Nike na Adidas na Puma. Ipo ndani ya kila chapa: kati ya nguo yake ya kukimbilia na nguo yake ya kutembelea mjini, na kati ya nguo yake ya daraja la chini na ya daraja la juu. Fulana ya kukimbilia ya Puma itakufaa kuliko fulana ya mtaani ya Nike, hata kama ya Nike ina bei mara mbili. Kwa hiyo wale wauzaji wawili wa Kariakoo wanabishana juu ya jambo lisilokuhusu. Pesa yako nyingi wala isiende kwenye fulana. Nitakuambia iende wapi.

Tumalize kwanza hayo majina matatu. Dri-FIT ni jina la biashara la Nike, AEROREADY la Adidas, dryCELL la Puma. Under Armour nao wana HeatGear. Geuza fulana zote nne, soma lebo ya ndani ubavuni, na mara nyingi utakuta kitu kilekile: poliesta asilimia 100, au poliesta iliyochanganywa na elasteni kidogo ili ivutike. Poliesta ni jamii moja na plastiki ya chupa za maji, imeyeyushwa ikavutwa kuwa uzi. Sifa yake kubwa ni kwamba uzi wenyewe haunywi maji. Pamba ikiwa imekaa tu kabatini hubeba unyevu wa karibu asilimia 8 ya uzito wake, poliesta haifiki hata asilimia 1. Ndiyo maana fulana ya pamba ikishalowa inakuwa nzito, inaning'inia, inakuganda mgongoni na haikauki mpaka urudi nyumbani.

Kwenye poliesta jasho halina pa kuingia, basi linatambaa juu ya nyuzi na katikati yake, linatoka upande wa mwili kwenda upande wa nje, linasambaa na kukauka. Kasi ya kutambaa inategemea wembamba wa nyuzi, jinsi kitambaa kilivyofumwa, na dawa inayotiwa kiwandani ili maji yashike kwenye kitambaa badala ya kuteleza. Kila kampuni ina namna yake ya kuchanganya mambo hayo, lakini kanuni ni moja, na hakuna hata moja kati ya hizo inayoweza kusema kanuni hiyo ni mali yake. DuPont ya Marekani ilitoa uzi wa Coolmax, poliesta yenye mifereji midogo pembeni, mwaka 1986. Kwa hiyo ukiniuliza ipi kati ya hizo tatu inakausha zaidi, nitakuuliza: fulana ipi ya Nike, na fulana ipi ya Adidas?

Rafiki yako wa Under Armour ana sababu yake, maana kampuni hiyo ilizaliwa kutokana na tatizo hilihili. Kevin Plank, aliyekuwa akicheza mpira wa Kimarekani katika Chuo Kikuu cha Maryland, alichoshwa na fulana za pamba zilizolowa chini ya vifaa vya kujikinga. Mwaka 1996 akaanza kuuza fulana za kubana za nyuzi za kiwandani, ofisi yake ikiwa chumba cha chini cha nyumba ya bibi yake mjini Washington. Wakati ule alikuwa na kitu cha kutamba nacho. Leo fulana ya namna hiyo inauzwa na kila mtu.

Kuna jambo lingine ambalo muuzaji hatakuambia, na huenda halijui. Nike, Adidas na Puma kwa sehemu kubwa hawashoni nguo zao. Wanabuni, wanaagiza, wanatangaza na kuuza. Wanaoshona ni makampuni mengine, mengi ya Asia, na kampuni moja inaweza kuwashonea mahasimu wote. Shenzhou International ya Ningbo, China, yenye viwanda pia Vietnam na Kambodia, wateja wake wakubwa ni Nike, Adidas, Puma na Uniqlo. Sisemi nguo ni zilezile: kila mteja analeta ramani yake, anachagua kitambaa chake na kutuma wakaguzi wake. Ninachosema ni kwamba ule uhasama unaouona kwenye matangazo haufiki kwenye cherehani.

Uhasama wenyewe ni mtamu kuusimulia. Adidas na Puma ni za watu wa tumbo moja, Adolf na Rudolf Dassler, waliokuwa wakitengeneza viatu pamoja katika mji mdogo wa Herzogenaurach, Ujerumani. Waligombana, wakatengana mwaka 1948. Rudolf akaanzisha Puma, na Adolf, aliyeitwa Adi, akasajili Adidas mwaka 1949. Mpaka leo makao makuu ya zote mbili yako mji huohuo. Nike nayo ilianza mwaka 1964 kwa jina la Blue Ribbon Sports, ikiuza Marekani viatu vya Onitsuka Tiger kutoka Japani, na Onitsuka ndiyo iliyokuja kuwa ASICS. Mtu akikuapia kwamba chapa yake ni damu tofauti na zingine, mtazame tu.

Sasa daraja. Kila kampuni ina ngazi. Nike wana Miler kwa mazoezi ya kila siku na AeroSwift kwa mashindano. Adidas wana Own the Run chini na Adizero juu. ASICS wana Core, halafu Metarun kileleni. Ukipanda ngazi unalipia kitambaa chepesi zaidi, vitundu vilivyowekwa mahali mwili unapotoa jasho jingi, na mishono bapa au iliyogandishwa kwa joto isiyokwaruza. Kwa mkimbiaji wa kiwango cha dunia gramu zina maana. Kwa nusu marathoni ya kwanza daraja la chini linatosha kabisa, na wewe una sababu ya ziada: zile za juu mara nyingi hazina mikono na zinaonyesha mwili. Hata ukipewa bure hazitakufaa.

Hatari iliyopo ni kununua nguo isiyo ya kukimbilia kabisa ukidhani ni yake kwa sababu tu ina nembo. Adidas wana alama mbili zinazowachanganya watu. Ile yenye umbo la jani la vipande vitatu ni ya Originals, nguo za mitindo, na fulana zake nyingi ni za pamba. Ile ya milia mitatu iliyopangwa kama mlima imetumika miaka mingi kwenye nguo za michezo zenyewe. Nike wana Nike Sportswear, ambayo licha ya jina lake ni nguo za mtaani. Fulana nyingi zenye nembo kubwa kifuani ziko huko. Puma wana Essentials. Zote ni nguo nzuri za kwendea sokoni au kupokea wageni. Ukikimbia nazo kilomita 21 utajuta kuanzia ya sita. Ile ya 85,000 uliyoonyeshwa, je, uligeuza lebo? Kama imeandikwa pamba asilimia 100, bei yake haitusaidii kitu.

Ungeniuliza kuhusu viatu ningekuwa mpole zaidi kwa wapenda chapa. Huko kampuni moja inaweza kweli kuwatangulia wenzake, kiasi kwamba Shirikisho la Riadha Duniani limelazimika kuweka kikomo cha unene wa soli, milimita 40 kwa mbio za barabarani. Nguo pia zimewahi kuvuruga mchezo, ila kwenye kuogelea: katika mashindano ya dunia ya Roma mwaka 2009, waogeleaji wakiwa ndani ya mavazi ya poliyurethani, aina ya plastiki, ziliangushwa rekodi 43 za dunia, na kuanzia 2010 mavazi yale yakapigwa marufuku. Fulana ya kukimbilia haijafika huko. Tena angalia mabingwa wenyewe. Alphonce Simbu alipochukua dhahabu ya marathoni ya dunia kule Tokyo mwaka 2025, kwa saa 2:09:48, akimpita Mjerumani kwa sehemu tatu za mia za sekunde, alikuwa amevaa sare ya taifa kama sheria za mashindano yale zinavyotaka. Mwanariadha pale huchagua viatu vyake. Fulana hupewa.

Chapa zinatofautiana kweli kwenye mkato na vipimo, na hapo hakuna mtu wa kukuchagulia. M ya kampuni moja si M ya nyingine. Hata ndani ya kampuni moja, nguo zilizokatwa kwa soko la Asia huwa ndogo kuliko za Ulaya na Marekani, na zote zinafika Kariakoo. Under Armour huandika kabisa kama nguo ni ya kubana mwili, ya kukaa sawasawa au ya kupwaya. Tafuta neno "loose" kwenye lebo yao, hilo ndilo lako. Njia ya uhakika ni futi ya fundi: chukua fulana yako unayoipenda, pima upana wa kifua na urefu kutoka begani, andika kwenye simu, na dukani pima nguo, achana na herufi.

Nikupeleke sasa kwenye joto, maana hapo ndipo hali yako inapotofautiana na ya mkimbiaji wa Arusha au Eldoret.

Lita moja ya jasho ikikauka yote juu ya mwili inaondoka na joto la karibu kilokalori 580. Jasho hilohilo likidondoka chini haliondoki na kitu, umepoteza maji bure. Tanga hewa imeshajaa unyevu wa bahari, jasho linakauka polepole, na kitambaa cha kampuni yoyote hakiwezi kubadili hilo. Matangazo mengi ya vitambaa vya kukausha jasho yanapendeza zaidi mahali penye hewa kavu. Pwani, kinachosaidia ni upepo kupita kati ya nguo na mwili. Kwa hiyo usiogope nguo ya kupwaya. Kwako kujistiri na kupoa vinakwenda pamoja, ilimradi kitambaa kiwe chembamba. Fulana ya mikono mirefu, nyepesi, iliyopwaya, yenye kipande cha wavu mgongoni au chini ya kwapa, itakufaa kuliko fulana ya kubana ya mikono mifupi. Kama lebo ya mauzo inataja uzito wa kitambaa kwa mita ya mraba, tafuta kati ya gramu 100 na 140. Ukifika 180 umeingia kwenye nguo za baridi.

Rangi: nyeupe inapunguza jua, lakini poliesta nyeupe ikilowa inaonyesha kila kitu. Kijivu cha wastani kinaonyesha madoa ya jasho kuliko rangi zote. Ningechukua buluu ya kati au kijani, au nguo yenye maua madogo madogo.

Hijabu. Nike walitangaza Pro Hijab mwaka 2017, mmoja wa wanamichezo waliohusishwa akiwa Zahra Lari, mtelezaji wa kisanii kwenye barafu wa Falme za Kiarabu. Vyombo vya habari viliandika kana kwamba ndiyo ya kwanza duniani, wakati kampuni ndogo ya Capsters ya Uholanzi ilikuwa ikiuza hijabu za michezo miaka mingi nyuma. Adidas na Under Armour nao wakatoa zao. Decathlon ya Ufaransa ilipotaka kuuza yake nyumbani kwao mwaka 2019, zogo la wanasiasa lilikuwa kubwa hadi ikaahirisha mpango huo, ingawa hijabu ileile ilikuwa ikiuzwa Morocco bila kelele.

Je, ununue ya chapa? Ukiipata kwa bei nzuri, sawa. Ila hiki ndicho kipande ambacho fundi wako wa Tanga anaweza kukushonea kikatoka sawa au kizuri zaidi, kwa sababu atakipima kichwani kwako. Nunua kitambaa chepesi cha poliesta kinachovutika, chenye elasteni ya asilimia tano hadi kumi, mita moja inatosha. Fundi awe na ovaloki, maana cherehani ya kawaida ikishona kitambaa cha kuvutika uzi unakatika. Mwambie ikate kuwa ya kuvalia kichwani bila pini hata moja, mshono wa chini ya kidevu uwe bapa, na ncha ya nyuma iwe ndefu ya kuchomekwa ndani ya fulana isipeperuke. Masikioni kitambaa kiwe tabaka moja tu. Barabarani unahitaji kusikia bodaboda ikija nyuma yako.

Nimekuahidi kukuambia pesa iende wapi. Iende kwenye sidiria ya michezo. Wasichana wengi wanaonijia wamenunua fulana ya elfu themanini na chini yake wamevaa sidiria ya kawaida ya lasi, halafu wanashangaa kwa nini mabega yanauma na ngozi chini ya kifua imechubuka. Hapa ubora unaonekana, na hapa ndipo ningekuruhusu ulipie jina kubwa. Tafuta iliyoandikwa "high support" au "high impact". Zilizoandikwa "light" ni za yoga. Kama una kifua kikubwa, chagua yenye vikombe viwili vilivyotenganishwa, sio ile ya kukandamiza kila kitu pamoja, na inayouzwa kwa namba ya mzunguko na herufi ya kikombe badala ya S, M, L. Mkanda wa chini ndio unaofanya kazi kubwa, mikanda ya mabega inasaidia tu: vidole viwili viingie chini ya mkanda kwa shida kidogo, visizame. Halafu ruka. Usione haya, ingia chumba cha kujaribia uruke mara kumi. Duka likikukatalia kujaribu, usinunue sidiria kwao, hata iwe ya chapa gani. Na hii usichukue mtumba. Elasteni huchoka kwa kuvaliwa na kufuliwa, na sidiria iliyochoka haifanyi kazi iliyokupeleka dukani.

Kinachofuata ni soksi. Za pamba zikilowa zinakuletea malengelenge, hasa mtelemkoni, na njia ya Moshi inapanda kuelekea Mweka kisha inashuka, kwa hiyo vidole vyako vitasukumwa mbele ya kiatu kwa muda mrefu. Chukua zenye nailoni au poliesta nyingi, zinazobana katikati ya unyayo.

Mwenzako wa mitumba ana haki kubwa kuliko watu wengi wanavyokubali. Karume pale Ilala, au Gikomba kwa walio Nairobi, kuna fulana za kukimbilia za daraja la kati, asili kabisa, kwa bei ya chakula cha mchana. Wazungu wengi hugawa nguo wakiwa wamezichoka macho tu. Kwa fulana, mimi ningeanzia huko. Kwa taiti kuwa makini: ivute kwa mikono miwili juu ya mwanga. Ikirudi taratibu kama imelala, au ukiona nyuzi nyeupe ndogo zinachomoza, elasteni imekatika. Ikionyesha mwanga wote, itaonyesha na mwili. Na hapa nako jina kubwa halikukingi: Lululemon ya Kanada, inayouza taiti ghali kuliko karibu wote, mwaka 2013 ililazimika kuziondoa madukani suruali zake nyeusi kwa sababu zilikuwa zinaonyesha mwili.

Kuna kipimo kimoja ninachokipenda kwa fulana ya poliesta, iwe ya dukani au ya mtumbani. Lowesha kidole, dondosha tone moja la maji upande wa ndani wa kitambaa. Likinywewa na kusambaa kuwa doa pana ndani ya sekunde chache, fulana hiyo itahamisha jasho. Likisimama kama tone juu ya jani la mgomba, haifanyi kazi, iwe imeandikwa Dri-FIT au imeandikwa jina la mjomba wako. Muuzaji akikushangaa, mnunulie chupa ya maji.

Hiyo Nike ya 15,000 ya mezani, unaijua mwenyewe. Ukitaka kuhakikisha chapa yoyote, tafuta lebo ndogo ya ndani yenye namba ya bidhaa. Nguo nyingi za sasa za Nike zina herufi mbili na tarakimu nne, kistari, halafu tarakimu tatu za rangi. Adidas wana mchanganyiko wa herufi na tarakimu, jumla yake sita. Iandike kwenye simu palepale, uitafute mtandaoni. Ikikuletea picha ya nguo ileile na rangi ileile, ni dalili njema, ingawa waghushi wajanja hunakili hata namba. Ikikuletea kaptura ilhali umeshika fulana, rudisha. Waghushi wengi hutumia namba moja kwa mzigo mzima. Tanzania wenye jukumu la kushughulikia bidhaa bandia ni Tume ya Ushindani, FCC, na risiti ndiyo itakayokusaidia ukienda kulalamika. Kuwa ya kopi si lazima iwe mbovu kwa kukimbilia, nyingine ni poliesta ya kawaida tu na inapita kipimo cha tone. Shida ni kwamba lebo iliyodanganya jina inaweza kudanganya na kitambaa. Kama bajeti yako ni 15,000, nunua fulana isiyo na nembo ya mtu, au ile ya kikundi chenu mnayochapishiwa, mradi mmemwambia mchapaji mnataka poliesta nyepesi na sio pamba nzito ya kampeni.

Jezi ya Yanga ya kaka yako: jezi za mashabiki karibu zote ni poliesta, kwa hiyo kwa kitambaa haina ubaya. Tatizo ni machapisho. Jina la mdhamini kifuani na namba mgongoni ni kama nailoni iliyobandikwa. Hewa haipiti, na ukikimbia saa mbili na zaidi sehemu hiyo inachemka na kingo zake zinakwaruza. Chapa kubwa huuza jezi za aina mbili, ya shabiki na ya mchezaji, na ya mchezaji ina kitambaa chepesi na machapisho laini zaidi, lakini inabana mwili, kwa hiyo sio yako. Ya kaka ivae mazoezi mafupi. Nusu ya kikundi chenu wakiwa Simba, hilo sina dawa yake.

Nikiwa wewe na hiyo 150,000, ningetenga 55,000 hadi 60,000 kwa sidiria moja nzuri ya dukani, nikubali Nike, Adidas, Puma, ASICS au yoyote iliyonikaa vizuri baada ya kuruka. Kama una ndugu anayerudi kutoka Ulaya, muulize kuhusu Decathlon, wao hubuni na kuuza katika maduka yao wenyewe na bei zao za nguo za mbio ni za kibinadamu. Fulana mbili za mikono mirefu, moja ya mtumba na moja mpya ya daraja la chini iliyoshushwa bei kwa sababu ni ya msimu uliopita, 35,000 kwa pamoja ikiwa una mdomo wa kuombea punguzo. Suruali nyepesi ya kupwaya juu ya taiti fupi ya kuzuia mapaja kusuguana, 20,000. Hijabu kwa fundi, kitambaa na ufundi, 15,000. Soksi jozi mbili, kama 12,000. Inayobaki nunua kopo la mafuta ya mgando, upake mapajani, kwapani na chini ya mkanda wa sidiria kabla ya kila mbio ndefu.

Kisha vaa vyote kwa pamoja kwenye mbio yenu ndefu ya mwisho kabla ya Moshi, ile ya kilomita 16 au 18, Tanga kwenye unyevu wake. Ukirudi, simama bafuni ujikague ngozi. Popote penye wekundu pana mshono wa kurekebisha, na fundi atakuwa na muda wa kufanya hivyo.

Kufua kuna masharti machache. Poliesta inashika harufu kuliko pamba. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Ghent, Ubelgiji, mwaka 2014 waliwanusisha watu fulana za wafanya mazoezi 26, na za poliesta ndizo zilizonuka vibaya zaidi, kwa sababu bakteria wanaotoa harufu wanapenda kukaa humo. Basi usiiache fulana kwenye mfuko mpaka jioni. Isuuze kwa maji ya baridi ukifika tu, hata kama sabuni itafuata kesho. Sabuni ya unga ya kawaida inatosha. Usitie maji ya kulainisha nguo, yale yenye manukato: yanaacha mafuta kwenye nyuzi, na fulana iliyokuwa ikinywa tone kwa sekunde mbili inaanza kulikataa. Usitie dawa ya madoa ya klorini, inakula elasteni. Usipige pasi. Anika kivulini, ndani nje, na sidiria usiikamue kwa kuizungusha; ibonyeze kwenye taulo.

Na ukirudi Kariakoo nenda asubuhi, kabla jua halijawaka na wauzaji hawajachoka, ukiwa na futi, simu yenye bando na chupa ya maji.